Faili Mbili, Jina Moja: Funzo kutoka Kompyuta ya Pamoja

Neno faili tunalitumia kila siku hapa Mbarara, na kila mtu analielewa kwa namna yake. Karani wa ofisi akilisikia anafikiria jalada la karatasi lililofungwa kwa kamba. Mwanafunzi anafikiria kazi yake iliyomo ndani ya kompyuta. Mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yapata kilomita 60 kutoka hapa mjini, anafikiria kumbukumbu zinazoonyesha yeye ni nani, ana watu wangapi nyumbani, na anastahili nini. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya faili ya kompyuta, tangu siku ambazo mashine moja kubwa ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Nimeichagua historia hiyo kwa sababu wanafunzi wetu wengi bado wanaandika katika kompyuta wasizozimiliki, na matatizo yaliyowakuta watu wa miaka ya 1960 yanawakuta wao pia.

Enzi ya kadi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba kizima. Aliyetaka kuitumia alitoboa programu yake katika kadi za karatasi ngumu, kadi moja kwa kila mstari. Alilikabidhi bunda lake kwa mhudumu wa mashine, kisha akaenda zake. Majibu aliyapata baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake. Kama alisahau alama moja ya mkato, programu ilikataa, naye alilazimika kutoboa kadi nyingine na kuanza foleni upya. Kuhariri, kwa wakati ule, kulikuwa ni kuchomoa kadi mbovu na kuchomeka nzuri mahali pake.

Katika chuo cha MIT, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake waliichoka hali hiyo. Mnamo Novemba 1961 walionyesha mfumo mpya ulioitwa CTSS. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza. Mashine ina kasi kuliko vidole vya binadamu. Wakati mtu mmoja anawaza aandike nini, mashine inaweza kumhudumia mwingine. Tufikirie bomba moja la maji lenye madumu mengi. Badala ya kulijaza dumu la kwanza mpaka pomoni huku wengine wakingoja, mwenye bomba anamimina kikombe kimoja katika kila dumu, kwa zamu, kwa haraka mno kiasi kwamba kila mmoja anaona maji yanaingia kwake tu. Watumiaji walikaa mbele ya mashine za taipu zilizounganishwa na kompyuta kwa waya. Baadaye, mfumo ulipoendeshwa katika mashine ya IBM 7094, watu wapatao 30 waliweza kufanya kazi pamoja.

Kila mtu na mali yake

Kushirikiana huko kulizaa maswali mapya. Kazi ya kila mtu itakaa wapi? Nani ataisoma? Nani ataweza kuifuta? Majibu yaliyopatikana ndiyo msingi wa mambo tunayoyaona ya kawaida leo.

Kwanza, kila mtumiaji alikuwa na orodha yake ya faili katika diski, pamoja na kiwango cha nafasi asichoruhusiwa kukipita. Pili, kila faili ilikuwa na majina mawili, kila jina lisizidi herufi sita. Jina la kwanza alilichagua mwenyewe, na la pili lilionyesha ni faili ya aina gani, mathalani programu iliyoandikwa kwa lugha fulani ya kompyuta. Akitaka kuona orodha yake aliandika amri ya LISTF, na akitaka kusoma yaliyomo aliandika PRINTF. Zilikuwapo pia amri za kubadilisha jina na za kufuta. Tatu, ili kuingia ilibidi kutaja neno la siri, yaani nywila.

Kuhariri nako kulikuwa na adabu yake. Hapakuwa na kioo cha kuonyesha ukurasa mzima. Palikuwa na karatasi ya taipu tu. Mhariri wa CTSS aliyeitwa ED alisimama kwenye mstari mmoja kwa wakati mmoja. Mwandishi alimwamuru atafute neno fulani, abadilishe, kisha auchapishe mstari ule ili uonekane. Mwisho aliamuru faili ihifadhiwe.

Katika Chuo cha Dartmouth, pia nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walifuata njia nyingine. Lugha yao ya BASIC ilianza kufanya kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, nayo ililengwa kwa wanafunzi wote, hata wale wa fasihi na historia. Kila mstari wa programu ulikuwa na namba: 10, 20, 30 na kuendelea. Ukitaka kuusahihisha mstari wa 20, uliandika 20 na maneno mapya, na ule wa zamani ukatoweka. Ukitaka kuongeza jambo katikati ya 20 na 30, uliandika mstari wa 25.

Kisa cha faili mbili

Sasa nifike kwenye kisa kinachonifanya niandike makala hii. Corbató mwenyewe alikisimulia katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, aliyopewa kwa mwaka 1990.

Wasimamizi wa CTSS walikuwa na orodha yao ya pamoja ya faili. Mwanzoni kanuni ilikuwa kwamba msimamizi mmoja tu ndiye anaweza kufanya kazi humo kwa wakati mmoja. Kwa kuitegemea kanuni hiyo, programu ya kuhariri ilitengenezwa hivi: kila ilipotumika iliweka kazi kwa muda katika faili yenye jina lile lile siku zote. Hakuna tatizo, maana mtu ni mmoja. Baadaye kanuni hiyo ilionekana inasumbua, ikaondolewa. Programu ya kuhariri haikuguswa.

Alasiri moja katikati ya miaka ya 1960, wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa pamoja. Mmoja alikuwa akiandika tangazo la siku, lile ambalo kila anayeingia huchapiwa mbele yake. Mwingine alikuwa akirekebisha orodha ya nywila za watumiaji wote. Faili zao za muda zilikuwa na jina moja, basi yaliyomo yakabadilishana. Kuanzia hapo, kila aliyeingia katika mfumo alichapiwa, badala ya tangazo, nywila za watu wote.

Tuangalie vizuri. Hapakuwa na mwizi, wala mtu mzembe. Kila mmoja alifanya kazi yake ipasavyo. Kilichowaponza ni jina lililotosha kwa mtu mmoja, likaachwa litumike kwa watu wengi.

Kutoka MIT hadi Isingiro

Huku kwetu Afrika Mashariki safari ya kompyuta haikunyooka. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hivyo maneno kama faili, hariri na hifadhi yakapata makao ndani ya mashine yenyewe.

Lakini neno ni jambo moja na nidhamu yake ni jingine. Katika vibanda vya kompyuta vya mjini, mashine moja huguswa na watu kumi au zaidi kwa siku, na aghalabu wote hutumia akaunti moja. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana anayeishi Nakivale, alichapa sura nzima ya tasnifu yake katika kibanda kimoja, akaihifadhi kwa jina SURA YA PILI. Mchana ule ule mwanafunzi mwingine naye aliihifadhi sura yake ya pili. Mashine iliuliza kama faili iliyopo ibadilishwe, naye akajibu ndiyo bila kusoma. Kijana aliporudi baada ya siku mbili, alizolipia nauli kwa kuuza mahindi, alifungua faili yenye jina lake na kukuta kazi ya mtu mwingine.

Nakivale yenyewe inalijua suala la majina kwa upana zaidi. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, yakiwapokea Wanyarwanda. Leo yako katika Wilaya ya Isingiro, na wamo humo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, huku Kiswahili kikiwaunganisha wengi wao. Akina Bahati na akina Amani ni wengi. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda pamoja na UNHCR ziliwahakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na mboni za macho. Kumbukumbu zilikuwa zikionyesha wakimbizi wapatao milioni 1.4, waliohakikiwa walifikia takriban milioni 1.1. Kwa familia iliyohakikiwa, jambo hilo lilihusu posho ya chakula na haki ya kutambuliwa. Hapo tunaona kwamba jina peke yake halitoshi, iwe la mtu au la faili.

Hitimisho

Wahadhiri wenzangu, tunafundisha insha, tafsiri na uhariri, lakini mara chache tunafundisha mahali ambapo maandishi hulala usiku. Napendekeza muhula ujao tutenge dakika kumi za kipindi cha kwanza kwa mambo manne. Mwanafunzi aipe faili jina lake mwenyewe, jina la kazi na tarehe. Asome swali la mashine kabla ya kujibu ndiyo. Akimaliza, atoke katika akaunti yake. Na nakala moja aiweke mahali pengine, hata kama ni katika simu ya ndugu yake.

Aidha, katika kuhariri, tuwazoeze kusimama kwenye sentensi moja kama alivyofanya ED: itafute, ibadilishe, isome tena, ndipo uendelee. Zoezi hili halihitaji umeme, na kule Nakivale linaweza kufanyika chini ya mti kwa daftari na kalamu.