Udongo wa mababu, karatasi ya leta

Mabishano ya parseli tunayokuta kwa wenzetu waliorudi hayakuanza jana. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa leta. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Mashamba ya desturi yalingojea ordonansi ya rais, miaka ikapita bure. Tena sheria hiyo ilisema: cheti cha konservateri kikimaliza miaka 2 bila kushitakiwa, hakivunjwi, utadai malipo tu. Sasa aliyekimbia vita miaka 10 angeshitaki namna gani? Kwa hiyo ukirudi, usingoje: uliza kadastre, kisha wazee na majirani waandike mipaka mbele ya shefu.