Pikipiki ya zamani haichaji betri? Pima kwanza, usikimbilie kusuka koili

Wadau, hii ni kwa ajili yetu tunaoendelea kuhangaika na pikipiki za volti 6. Ninayo Honda CG125 niliyoachiwa na marehemu baba, ya platini. Honda walianza kuitoa modeli hii mwaka 1976, injini yake ni ya pushrodi, na inavumilia kweli kweli. Na injini sina ugomvi. Ugomvi wangu ni umeme. Ndani ya mwaka mmoja nilinunua betri tatu, nikalipa koili isukwe upya, na bado nikawa narudi nyumbani usiku bila taa ya nyuma. Siku lori lilipofunga breki nyuma yangu mpaka matairi yakalia, nikasema basi. Kesho yake nilikaa chini na mita.

Kwanza ujue umeme unatoka wapi. Ndani ya flaiwili kuna sumaku. Zikizunguka mbele ya koili unapatikana umeme wa AC. Betri inataka DC, kwa hiyo katikati pamewekwa rektifaya, ambayo kwenye yangu ni dayodi moja tu. Inapitisha nusu ya umeme, nusu nyingine inaizuia. Regyuleta hakuna. Betri yenyewe ndiyo inayomeza ziada. Ndiyo maana usiendeshe na betri imechomolewa au fyuzi imekatika, balbu zitalipuka moja baada ya nyingine. Mtu anayelalamika kila wiki kwamba balbu za dukani ni feki, aangalie kwanza fyuzi na betri yake.

Moto wa plagi nao una koili yake, hautegemei betri. Hapo ndipo tunapodanganyika. Pikipiki inawaka kwa kiki moja na inakwenda vizuri, kumbe betri imeshakufa. Unakuja kugundua siku unapopiga honi ikakoroma.

Sasa kwa nini volti 6 zinasumbua kuliko 12? Piga hesabu. Taa za wati 24 kwenye volti 12 zinavuta ampea 2. Kwenye volti 6 zinavuta ampea 4. Kiunganishi chenye kutu kidogo, tuseme omu 0.15, kitakula volti 0.3 kwenye ile ya 12 na hata hutaona tofauti. Kwenye ya 6 kinakula volti 0.6, yaani sehemu moja ya kumi imepotelea kwenye kutu. Mafundi wengi wa leo wamezoea volti 12, hawaiwazii kabisa hesabu hii.

Anza na betri. Ikiwa imejaa na imepumzika masaa kadhaa, isome volti 6.3 au 6.4. Ikisoma chini ya 6 imeisha, na usipime kitu kingine chochote mpaka uichaji, maana betri mbovu itaharibu vipimo vyote vinavyofuata. Ya kwangu ni ya ampea-saa 4, kwa hiyo naichaji kwa ampea 0.4 usiku kucha. Ukiipeleka kwa wachaji betri za magari wakaifungia pamoja na betri za malori, itachemka na kufa. Betri yangu ya kwanza ilikufa hivyo, tena nililipia. Halafu jamani, kinachopungua ndani ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji safi yasiyo na chumvi wala madini. Ukiongeza asidi unakula sahani za betri, na ukiongeza ya bomba unaziua polepole.

Betri ikiwa nzima, washa injini, weka mita kwenye DC, gusa vichwa viwili vya betri. Injini ikinguruma taratibu na taa zimewaka, volti kushuka kidogo si ajabu kwa mfumo wa dayodi moja. Vuta mafuta. Inatakiwa ipande ipite 7. Ya kwangu ilitoka 6.2 ikafika 6.4 ikagoma. Ikipita 8 una tatizo la upande mwingine, betri itachemka.

Hapo ndipo fundi wangu wa kwanza alisema "koili imechoka". Labda. Lakini kabla ya kufungua injini pima njia ya umeme, haikugharimu kitu. Mguso mweusi wa mita uweke kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, washa indiketa na ukanyage breki. Unategemea karibu sifuri. Mimi nilisoma volti 0.7! Nilicheka kwa hasira. Bolti ya waya wa athi iko chini ya tangi, na miaka miwili nyuma niliipiga pikipiki rangi mwenyewe, nikapaka na pale. Msasa, nati mpya, grisi kidogo juu yake, ikashuka hadi 0.05. Rudia vivyo hivyo upande wa chanya, kuanzia panapotoka rektifaya hadi kichwa chanya cha betri, injini ikiwa inazunguka kwa kasi.

Kosa la pili lilinifundisha zaidi. Swichi ya breki ya mguu inavutwa na springi, na springi ilikuwa imekazwa mno. Nikikaa kwenye siti, taa ya breki inawaka yenyewe. Kwenye jua nani ataiona? Balbu ile ni wati 21, yaani ampea 3.5. Kwa betri ya ampea-saa 4 hebu fikiria itadumu muda gani, na chaji yenyewe ni ya kubahatisha.

Betri ikijaa jioni na asubuhi ikawa tupu wakati ufunguo ulitolewa, shuku rektifaya. Chomoa waya hasi, weka mita ya ampea katikati ya waya huo na betri. Inatakiwa isome sifuri. (Usiguse vichwa viwili vya betri mita ikiwa kwenye ampea, utakata fyuzi yake au kuiua kabisa. Naandika haya kwa uzoefu.) Ikisoma kitu, ing'oe rektifaya uipime kwenye alama ya dayodi: upande mmoja isome karibu 0.5 hadi 0.7, ukigeuza miguso isisome kitu. Ikisoma pande zote, imekufa. Dayodi ya silikoni ya ampea za kutosha utaipata kwa mafundi redio kwa bei ndogo.

Koili iwe ya mwisho. Tenganisha waya wake na rektifaya, weka mita kwenye AC, vuta mafuta, volti zipande pamoja na kasi. Zikipanda vizuri usikubali isukwe. Na kama ni lazima flaiwili itoke, itolewe kwa pula. Fundi akishika nyundo mnyang'anye, maana kugonga kunapasua sumaku na kuzidhoofisha, halafu utasuka koili mara kumi bila kupata chaji.

Baada ya bolti na springi, mita ilipanda hadi 7.2. Betri ya tatu ndiyo ninayo mpaka leo. Nyuma nimeweka balbu ya LED ya volti 6, inapunguza mzigo sana, ila angalia chanya na hasi ya pikipiki yako kwanza. Taa ya mbele nimeiacha ya zamani kwa sababu kwenye yangu inakula AC moja kwa moja kutoka kwenye koili, na LED ya kawaida ya DC ukiiweka pale itapepesa, au itaungua siku ya kwanza.