Ziwa Lisilo na Ufuo Mmoja

Sisi wa pwani tumezoea historia ya mawe: msikiti ukibomoka, mihirabu husalia. Mtowisa, katika bonde la Rukwa, chini ya genge la Lyamba lya Mfipa, mambo ni mengine. Ziwa Rukwa halina mto uyatoao maji yake. Mvua zikizidi hutanda, zikipungua hurudi nyuma, na ufuo wa mwaka huu huenda usiwe wa mwakani. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskochi, alilitazama akalibandika jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Jina halikushika; afadhali. Basi atakayeandaa siku ya urithi huko, kiangazi kikielekea ukingoni, asihangaike kutafuta gofu la kuwaonyesha wageni. Awakalishe wavuvi wazee, awaulize: enzi zenu maji yalifika wapi?