Baada ya Ukurasa wa Mwisho

Nilipokuwa mwalimu kijana niliwapa wanafunzi wangu insha juu ya riwaya moja ya mapenzi. Mwishoni mwa riwaya hiyo kijana anamwoa ampendaye na kitabu kinafungwa. Binti mmoja hakuandika juu ya harusi. Aliandika juu ya mchumba aliyeachwa: alikwenda wapi, nani alimpokea, alizeeka vipi. Nilimpunguzia alama, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haya hayamo kitabuni." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa katika chuo cha ualimu, na nilipokuja kuwa mkuu wa shule niliwafundisha hivyo hivyo walimu waliokuwa chini yangu.

Sasa nimestaafu, umri umepita sabini, nami nakaa hapa Mwandiga, penye njia panda ya Kasulu. Mwanangu aliniletea kutoka Dar es Salaam kitabu kiitwacho Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na kufasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Niliisoma barazani kwa siku nne.

Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri mmoja ili kufidia deni. Anakwenda bara na msafara wa biashara, anarudi, anampenda Amina, mke mdogo wa tajiri. Mke mkubwa, Zulekha, anamtaka kijana huyo, na shati lake linachanika mgongoni. Mwishoni Yusuf anawakimbilia askari wa Wajerumani wanaopita. Amina anabaki ndani ya ua.

Msomaji ameshalitambua shati hilo. Ni kisa cha Nabii Yusuf, kilichomo katika sura ya 12 ya Kurani, na katika Biblia, kitabu cha Mwanzo. Humo mwanamke yule hatajwi hata jina. Lakini wasikilizaji hawakuridhika. Walimwita Zulekha, na mwaka 1483 mshairi wa Uajemi, Jami, alikamilisha utenzi ambamo Zulekha aliyezeeka anarudishiwa ujana wake, kisha anaolewa na Yusuf. Huko Uingereza, Charlotte Brontë alimfungia ghorofani mke wa kwanza katika Jane Eyre, mwaka 1847. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alimwandikia mwanamke huyo kitabu chake, Wide Sargasso Sea. Si kila mwendelezo una heri. Mingine huandikwa kwa kuwa jina la zamani linauzika. Lakini ile iliyo bora humfuata yule aliyeachwa mlangoni.

Gurnah mwenyewe alirudi njia hiyo mwaka 2020 kwa riwaya ya Afterlives. Kijana safari hii anaitwa Hamza. Naye alitolewa kwa ajili ya deni, naye aliingia jeshi la Wajerumani. Baada ya vita anarudi pwani akiwa na jeraha, na anamwoa Afiya. Vita hivyo vilifika hapa kwetu pia. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyoanza kuelea ziwani mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hata meli ilipata mwendelezo wake. Amina bado hajapewa kitabu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alivushwa ziwa kutoka Manyema akiwa mtoto, wakati wa misafara, na jina tulilomwita alipewa Ujiji. Utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika, mwaka 1922, alikuwa tayari na watoto. Alitusimulia safari ile mara nyingi, na kila mara aliishia maneno yale yale: "Tukashuka Ujiji." Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Sikumwuliza alishukia kwa nani, wala mama yake alimwita nani.

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Niliwataka wautaje mwaka bila kukosea. Sikuwauliza waliobeba mizigo ya misafara walikwenda wapi baada ya kuitua. Hayakuwamo kitabuni.

Yule binti, kama yu hai, naye sasa ni bibi. Alama zake siwezi kumrudishia. Lakini mama yangu mdogo, wa mwisho katika watoto wa bibi, yuko Ujiji na miaka yake tisini na ushei, na akili yake ingali timamu. Jumamosi nitakwenda kwake. Nimenunua daftari, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika maneno mawili: Tukashuka Ujiji. Yatakayofuata nitaandika kama atakavyonieleza, na asipokumbuka nitaacha nafasi.