Rada ya Watamu: Msee wa Maua Akienda Bahari Mara ya Kwanza

Wasee wa Maua tumezoea maji ya mto. Yanashuka kutoka Nyambene, yanaenda upande mmoja, stori imeisha. Bahari haiko hivyo, na hakuna mtu hukuambia hiyo mkipanga safari ya Disemba na mbogi yako.

Watamu iko Kaunti ya Kilifi, karibu na Malindi, kama kilomita 100 hivi kaskazini mwa Mombasa. Toka Maua na mathree ya asubuhi mapema hadi Nairobi, halafu panda SGR ya usiku. Tangu Januari 2024 behewa la kawaida ni 1,500, na Disemba tiketi huisha haraka, so kata mapema. Usisahau kitambulisho. Ukifika Mombasa shika matatu ya Malindi, ushuke Gede, tuktuk ikumalizie. Hapo Gede kuna magofu ya mji wa Waswahili wa kitambo, ndani ya msitu. Pitia, ni poa kuliko picha.

Kitu ingine kabla hujafunga begi: Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, kesi ikaishia kortini. Kabla ubebee mtu zawadi, uliza kwanza mambo yamefika wapi.

Msimu ndio kila kitu. Kaskazi, Disemba hadi Machi, maji huwa safi na upepo ni wa wale wa tiara, wanaovutwa juu ya ubao kama wamefungwa kwa ndege. Bei nayo hupanda. Kusi, Juni hadi Septemba, bahari inachafuka. Aprili na Mei ni mvua, baki ocha.

Sasa maji. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasonga mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti inaweza kupita mita tatu. Maji yakipwa Watamu unaona mchanga mweupe umetokea katikati ya bahari, na kila mtu anataka picha hapo.

Mimi pia nilitaka. Tulitembea watano hadi huko, maji ya kifundo, tukapiga picha kama saa nzima. Kurudi, maji yalikuwa kifuani na mmoja wetu hajui kuogelea kabisa. Mvuvi mmoja mzee alikuja na mtumbwi akatubeba, hakutaka hata doo. Alituuliza tu, "Nyinyi wanangu, hamkuuliza mtu?" Hatukuwa tumeuliza. So uliza wavuvi asubuhi maji yanajaa saa ngapi, na uanze kurudi kabla hayajageuka. Vaa viatu pia, kwa mawe kuna wale viumbe wa miiba myeusi.

Kama unataka kupanda mawimbi kwa ubao, Watamu matumbawe yanavunja nguvu ya bahari, so huko ni kujifunza na kuogelea. Mawimbi yenyewe yako Malindi wakati wa kusi, kwa sababu mto Sabaki unamwaga maji matamu na matope hapo na matumbawe yameacha nafasi. Lakini nafasi hiyo hiyo ina mikondo. Mkondo ukikuvuta nje, usipigane nao ukiangalia ufuo. Ogelea kando, sambamba na ufuo, hadi ukuachilie, ndio urudi.

Kuna wasee wanaogopa ufuo wakidhani ni wa hoteli na wazungu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Askari wa hoteli anaweza kukuzuia kukalia viti vyao, si kutembea kwa mchanga huo. Mwambie kwa heshima, usilete ngori. Na ukitoka ufuoni kuingia kijijini, funika mwili na usalimie wazee shikamoo.

Eneo la hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa 1968, unalipia KWS kabla ya kuingia. Boti bei mnaelewana kabla ya kupanda. Hesabu majaketi ya kuelea. Zikiwa kidogo kuliko watu, shuka.