Galaksi au kwaza: nani alisafisha ukungu wa ulimwengu mchanga?

Ulimwengu una miaka kama bilioni 13.8, na mwanzoni haukuwa na nyota hata moja. Ulipofikisha miaka 380,000 hivi, ulipoa kiasi cha protoni na elektroni kushikana zikawa atomu za haidrojeni. Gesi hiyo ikatanda kama ukungu gizani.

Kisha nyota za kwanza zikawaka. Mionzi yake ya urujuanimno (jamii ileile inayounguza ngozi juani) iling'oa elektroni kwenye atomu. Huko ndiko kuionisha. Kila galaksi ikajizungushia povu la gesi iliyoionishwa, mapovu yakakua, yakaungana, na baada ya miaka bilioni moja hivi ukungu ulikuwa karibu umeisha.

Tumejuaje? Mwaka 1965 James Gunn na Bruce Peterson walitabiri kwamba haidrojeni isiyoionishwa, hata kidogo tu, ingemeza sehemu ya mwanga wa kwaza za mbali. Alama hiyo ilionekana 2001.

Kwaza zenyewe, yaani gesi inayong'aa ikizunguka shimo jeusi kubwa, zina mwanga balaa. Shida ni idadi: enzi hizo zilikuwa chache mno. Ndiyo maana wanasayansi wengi wanazipa sifa galaksi ndogo, dhaifu lakini nyingi kupita kiasi. Kwaza zilikuja kutamba baadaye kwenye heliamu, ambayo elektroni yake ya pili ni ngumu kung'oa.

Ila kesi haijafungwa. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imekuta mashimo meusi mengi kuliko ilivyotarajiwa katika zama hizo, na ubishi umeanza upya.