Kutoka Mbiu ya Mgambo hadi Mashine ya Ushuru: Nani Humjibu Mwanakijiji wa Kilombero?

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo serikali ilivyowaita wananchi wa Bonde la Kilombero, kuanzia vijiji vya Mang'ula na Kisawasawa chini ya milima ya Udzungwa hadi Ifakara. Leo wito huweza kufika kwa simu. Chombo kimebadilika, linalotupasa kuuliza ni iwapo wajibu wa kujibu nao umesogea.

Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilitaja madaraka ya mikoa, lakini uamuzi uliangukia mikononi mwa watumishi walioteuliwa na serikali kuu. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji halmashauri yake, na Sheria Na. 7 ya 1982 ikafungua njia ya kurejeshwa kwa halmashauri za wilaya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. Tangu hapo, mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndicho chombo ambamo mkulima husimama na kumwuliza kiongozi ana kwa ana.

Zana za kidijitali zilipoingia katika halmashauri, zilitangulia upande wa kukusanya. Mashine za kielektroniki zilichukua nafasi ya vitabu vya stakabadhi, na namba ya malipo ya serikali ikawa jambo la kawaida. Mwaka 2017 halmashauri zilizinduliwa tovuti. Mwaka 2022 zikaja anwani za makazi, na sensa ikafanyika kwa vishikwambi. Faida yake si haba: stakabadhi inayotoka kwenye mashine huacha kumbukumbu, nacho kitabu cha karatasi kilikuwa rahisi kughushiwa. Hata hivyo, mkulima wa mpunga anayelipa ushuru huonekana papo hapo katika mfumo, ilhali matumizi ya ushuru huo hayaonekani kwake kwa wepsi huo huo. Taarifa hupanda kwa kasi na kushuka kwa kusuasua.

Bonde hili lenyewe linatupa mfano ulio tofauti. Kuanzia 2016, Programu ya Kuwezesha Umilikishaji Ardhi iliendeshwa katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, na mipaka ya mashamba ikapimwa kwa vifaa vya kidijitali ili kutoa hatimiliki za kimila. Kifaa, hata hivyo, hakikuwa na neno la mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kamati ya uhakiki ya watu wasiopungua tisa, wakiwamo wanawake wasiopungua wanne, na inampa mwenye pingamizi nafasi ya kusikilizwa. Alama iliyoonekana kwenye kioo ilipaswa kukubaliwa na jirani aliyesimama mpakani. Hapo teknolojia ililitumikia baraza, haikulirithi.

Hilo ndilo funzo la historia hii. Mifumo ya kupokea malalamiko kwa simu, kama e-Mrejesho, inafaa, lakini lalamiko lililopokelewa si lalamiko lililojibiwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamtaka mwenye taarifa kujibu ombi ndani ya siku 30. Mtumishi wa halmashauri anayechapisha taarifa ya mapato na matumizi kutoka kwenye mfumo na kuibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla ya mkutano, anaifanya mashine iseme na wanakijiji wote, hata asiye na simu janja. Mwanaharakati naye aidai karatasi hiyo. Mwaka 1972 tuliondoa mabaraza kwa jina la kupeleka madaraka karibu na wananchi. Tusije tukayaacha yakauke kwa jina la kurahisisha huduma.